Umbali wa Vidole Viwili

Mwayuma mwanangu,

Umevuka mto kwenda Alunguli kuwaaga shangazi zako, na mimi nimekaa kwenye meza ya chakula nikimwandikia barua mtu atakayekula chakula cha jioni kwenye meza hii hii. Mama yako amepita na pasi ya mkaa mkononi, akaniona, akacheka. "Muko nyumba moja, unamuandikia barua? Si umuambie tu na kinywa?" Nikamjibu kwamba kinywa changu ndicho kilicholeta haya yote, tukipumzishe kidogo. Hakucheka tena. Amerudi kunyoosha nguo zako.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekwisha kukueleza habari ya samaki wa kukaushwa, ya kutolala na dirisha wazi huko Kinshasa, na ya kumpigia simu mara tu utakaposhuka kwenye ndege. Yeye ana haki ya kukuelekeza. Mimi haki hiyo niliipoteza, na najua nilipoipoteza. Ni kivukoni, asubuhi ile niliposimama mbele ya watu nikasema kwamba kadi zako zitawaibia.

Nilichosema unakijua, na mtaa mzima unakijua, kwa hiyo sikuandikii ili kukufunulia siri. Nakuandikia kwa sababu tangu siku ile umekuwa ukinijibu "ndiyo, papa" na "hapana, papa", kwa heshima zote, na heshima hiyo inaniuma kuliko matusi. Nataka ujue jinsi mtu mwenye akili zake timamu, aliyekubeba mgongoni tangu hujui kutambaa, alivyoweza kuivunja kazi yako kwa sentensi moja. Sisemi haya ili kujitetea. Labda kidogo tu, wewe unanijua.

Wakati wa vita nilikuwa opereta wa fonie, ile redio ya kuitana mji na mji. Hadithi hiyo umeisikia mara nyingi, lakini umeisikia kwa majigambo yangu, na majigambo huacha mengi nje. Mji ulikuwa umefungwa. Treni haikuja, njia za mashambani zilikuwa za wenye bunduki, simu hakuna. Chumvi na sabuni zilikuja kwa ndege, siku zilipokuja. Mtu wa Kindu aliyetaka kujua kama mama yake bado yuko hai kule Punia alikuwa na njia moja tu, nayo ilipita kwenye kibanda changu: redio kubwa ya kijani, betri ya gari, na waya wa antena uliotoka kwenye paa hadi kwenye mchikichi wa jirani.

Watu walikaa kwenye benchi wakingoja zamu. Zamu ikifika, mtu alisema mambo yake mbele ya benchi zima, maana fonie haina faragha. Nimesikia watu wakioana kwa fonie, wakiachana kwa fonie, wakiambiwa fulani amezikwa. Mimi ndiye niliyebonyeza kitufe na kurudia maneno pale sauti ilipokuwa mbaya. Barabarani watu waliniamkia kabla ya kumwamkia padri au shehe. Nilijiona mkubwa, mwanangu, nami nilikuwa kijana ambaye hata ndevu hazijamjaa.

Mama Sifa, huyu huyu anayekaanga mikate kivukoni, mumewe aliitwa Salumu. Alikuwa akipeleka chumvi Pangi kwa baiskeli, akisukuma zaidi kuliko kupanda, na kurudi na mchele. Siku moja alikuja na mkewe kumwambia ndugu yake wa Pangi kwamba anakuja. Mvua ilikuwa ikinyesha mahali fulani katikati, redio ikawa inakaanga kama mafuta. Ndugu yake hakusikia. Nikarudia. Hakusikia. Nikarudia tena kwa sauti kubwa, neno kwa neno: anatoka siku gani, anapita njia gani, amebeba nini. Nilikuwa najisifu kwamba hakuna ujumbe ulionishinda. Mwishowe ndugu yake akasema, "Nimepata, nimepata," na benchi zima likafurahi, na Salumu akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Kila aliyekuwa na redio katika msitu ule alinipata pia. Salumu hakufika Pangi. Baiskeli yake haikuonekana popote, wala yeye.

Mama Sifa hakunilaumu hata siku moja. Alikuja kibandani mara kadhaa kuuliza kama Pangi wamesema kitu, kisha akaacha kuja. Mimi nikabaki na somo langu: kinachopita hewani si chako tena, kimeshakuwa cha kila mwenye masikio. Kwa redio ile lilikuwa somo la kweli, na limelipiwa na mtu ambaye si mimi. Kosa langu ni kwamba nililichukua nikalifanya somo la kila kitu duniani. Nilikulea nalo. Ulipokuwa mdogo ukiniuliza kwa nini nazima simu kila ninapozungumza jambo la maana na mama yako, nilikuambia ni adabu. Ilikuwa woga.

Kisha ukarudi kutoka Kisangani na elimu yako, na mfuko wa kadi nyeupe, na vile vimashine vyenye ukubwa wa kiberiti cha jikoni. Ulitaka watu wa kivuko wasigombane tena na mpokea nauli juu ya noti zilizochanika. Sote tumekaa kwenye mtumbwi juani, injini inanguruma bure, huku mama mmoja na mpokea nauli wakivutana: noti hii haina pembe, chenji hakuna, shuka basi, sishuki. Ulisema mtu atagusisha kadi na atapita. Ulisema pesa inaandikwa ndani ya kadi yenyewe, hivyo mtandao ukipotea, na hapa unapotea kila wingu likipita, kivuko hakitasimama. Papa Djuma, prezida wa wenye mitumbwi, alikubali. Alikubali kwa sababu wewe ni binti yangu. Alisema hivyo mbele yangu, nami nikatabasamu.

Ulijaribu kunieleza mimi kwanza. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ninapolikumbuka. Ulikuja kwenye meza hii na chupa mbili za plastiki ulizozizungushia waya wa shaba, moja ukaiunganisha na betri, nyingine ukaifunga kitaa kidogo. Uliileta ya pili karibu na ya kwanza, kitaa kikawaka, bila waya wowote kuziunganisha. Ukaiondoa kidogo, kikazimika. "Papa, angalia kwanza." Mimi nilikuwa nikisafisha miwani. Nilikuuliza swali moja tu, kama mkaguzi: "Inapita hewani ao haipite hewani?" Ukasema, "Inapita hewani, papa, lakini..." Nikainuka. Nilishapata nilichokuwa nakitaka, nikaenda zangu uani. Nyuma yangu uliendelea kueleza, polepole, ukidhani labda nimesimama mlangoni.

Siku ya pili Mama Sifa alikuwa na kadi yako mkononi, ya kwanza kabisa uliyoitoa. Ulimpa yeye kwa kumheshimu, kwa kuwa ni mkubwa pale. Akaniona nashuka. "Papa Mwayuma, wewe njo unajua mambo ya radio. Hii karte ya mutoto iko muzuri?"

Ningeweza kusema sijui. Ni neno dogo, Mwayuma, na mtu aliyewahi kuheshimiwa kwa kujua hulitafuta mdomoni asilione. Nikamwambia kwamba kinachopita hewani kinasikika hata Alunguli. Nikamwambia mtu anaweza kukaa ng'ambo na mashine yake, akavuta pesa yako wewe ukiwa umekaa hapa na mikate yako. Watu walikuwa wamesimama wakisikiliza. Nilimtazama yeye, na nadhani kichwani mwangu nilikuwa namwonya Salumu, miaka mingi baada ya wakati wake. Mama Sifa aliiweka kadi chini mchangani, taratibu, akajifuta vidole kwenye kitenge.

Kabla ya sala ya adhuhuri hakuna aliyekuwa anazitaka kadi zako. Nyingine zilitupwa majini, nyingine alirudishiwa Papa Djuma ndani ya mfuko wa nailoni. Ulikuja mbio toka sokoni ukanikuta bado niko pale. "Papa, ulisema vile?" Nikakujibu, "Nilisema chenye ninajua." Hukubishana nami mbele ya watu. Ulikusanya kadi zilizobaki mchangani, ukashukuru, ukapanda kwenda nyumbani, na mimi nikabaki nikipokea pongezi. Nilipongezwa, mwanangu. Nilikula mkate wa bure siku ile.

Wale watu wa Kisangani waliokuamini wakakupa vimashine walingoja kidogo, kisha wakachukua vimashine vyao wakavipeleka mji mwingine, wakakuachia kimoja. Ukaomba kazi Kinshasa, ukaipata. Mama yako alilia kwa furaha na kwa huzuni. Mimi nilisema ni jambo zuri. Ni jambo zuri kweli, lakini lisingekuwepo bila mimi, na sote watatu tulilijua hilo.

Sasa nikuambie nilichofanya baada ya hapo, maana hukuwepo kuona na mimi sikuwa na uso wa kukuambia. Siku moja ulikuwa umekwenda mjini kushughulikia safari. Chupa zako mbili bado zilikuwa juu ya kabati. Nikazishusha. Nikazipanga kama ulivyozipanga, na nilishangaa kwamba nakumbuka. Nilijifanya sikusikii siku ile, lakini masikio ya opereta hayafungiki. Maneno yako yote yalikuwa yamo ndani, hata yale uliyoyasemea mgongo wangu. Nilikuwa nimekusikia muda wote. Nimefikiria sana kipi ni kibaya zaidi, kutomsikia mwanao au kumsikia na kuondoka, na sijapata jibu linalonifaa.

Nikawasha. Kitaa kikawaka chupa zilipokaribiana, kikazimika zilipoachana. Nikarudia mpaka mama yako akauliza kama nimerudi utotoni. Kisha nikatoa kadi na kile kimashine, nikaanza kupima. Kadi juu ya mashine: ikalia. Kadi umbali wa vidole viwili: ikalia. Kiganja kizima: kimya. Nikaifunika kadi kwa kitambaa, ikalia. Nikaweka kitabu chembamba katikati, ikalia. Nikaweka kifuniko cha kopo la sardini, ikanyamaza kabisa, kwa kuwa bati huila ile nguvu kabla haijafika.

Nitakuandikia nilivyoelewa, nawe utanisahihisha. Ndani ya mashine kuna waya wa shaba uliozungushwa. Umeme ukipita humo ukigeuka huku na huku kwa kasi, unazaa nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo inakaa pale pale, inauzunguka waya wake. Ndani ya kadi kuna waya mwingine wa kuzungushwa na kichipu kidogo kama punje ya mchele. Hakuna betri. Kadi imelala hadi iingie ndani ya ile sumaku. Hapo waya wake unazaa umeme kidogo wa kwake, kichipu kinaamka, kinajibu. Na namna kinavyojibu ndiyo iliyonifurahisha mimi mzee. Hakipigi kelele hewani kama nilivyokuwa napiga. Kinauvuta na kuuachia ule umeme mdogo, na mashine inahisi mzigo ukizidi na kupungua, kama vile mguu wako unavyohisi baiskeli imekuwa nzito pale dinamo inapogusa gurudumu. Kwa uzito huo inasoma.

Fonie yangu ilifanywa kuyasukuma mawimbi yaondoke, yaende zao, yasirudi. Hii haiagi nyumbani. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu haipungui nusu. Inapungua karibu mara nane. Ulisema mtu akijitengenezea waya mkubwa wa kuzungushwa ataongeza umbali kidogo, lakini hatavuka mto. Ulisema pia kwamba hata akisimama karibu akanasa jibu la kadi, kila mguso una jibu lake jipya, na la leo halifungui mlango kesho. Na kwamba simu ikishika nafasi ya kadi hufanya vile vile, isipokuwa haikubali mpaka mwenyewe aifungue kwa kidole au kwa namba zake. Hata bluetooth, ambayo vijana hutumia kupeana nyimbo uani, hiyo hutuma mawimbi ya kweli, lakini mawimbi dhaifu yanayochoka kabla ya kufika barabarani, na simu mbili zinafahamiana kwanza ndipo zinazungumza, huku zikirukaruka toka mkondo huu hadi ule. Yote haya uliyasema. Uliyasemea mgongo wangu.

Hewa ni moja, lakini si kila kinachopita humo kinafika mbali. Nilihitaji uzee na chupa mbili za maji kulijua hilo, na nilimlipisha mwanangu.

Juma lililopita nilishuka kivukoni nikawaambia nilikosea. Nilidhani kosa lililoingia kwa neno litatoka kwa neno. Hawakuniamini. Siku ya uongo waliniamini kabla sijafunga mdomo, na siku ya ukweli walinitazama kwa huruma. Mmoja akasema, "Binti amemugeuza papa kichwa." Mwingine akauliza kama wewe na mama yako mmenilisha kitu. Mama Sifa hakuinua uso kutoka kwenye mafuta yake. "Radio njo ilinichukulia bwana yangu," alisema. "Ulisema inafika, haikuwa uongo, ilifika. Leo unasema hii haifike. Nitajuaje?" Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja Salumu mbele yangu tangu enzi za kibanda.

Nilirudi nikakaa siku nzima. Mama yako akaniuliza kwa nini nisiache tu, kwa kuwa wewe unaondoka hata hivyo. Nikamwambia ndiyo sababu.

Jana nikashuka tena, na kimashine chako mfukoni. Sikuhutubia mtu. Nilimwomba Mama Sifa achukue kadi moja aliyoihifadhi Papa Djuma, ambayo ilikuwa bado na pesa ndani, na aiweke pale anapoweka pesa zake. Unajua mama zetu wanapoweka pesa: kwenye fundo la kitenge, kiunoni. Akaifunga humo. Mimi nikapanda mtumbwi, nikavuka hadi Alunguli, mashine imewaka mkononi, nikaielekeza Kindu kama mwenda wazimu. Nilikaa huko mpaka watu wa Alunguli wakaniuliza kama namtafuta mtu. Nikarudi. Mama Sifa akafungua fundo, tukaitazama kadi kwenye mashine: pesa ipo, haijapungua. Akaifunga tena.

Nikasimama kwenye ngazi za udongo. Kimya. Nikasogea hadi kwenye sufuria ya mafuta. Kimya. Nikafika hatua moja mbele yake, nikasimama, kwa sababu hatua iliyofuata ilikuwa kuweka mkono wangu kwenye kiuno cha mjane wa watu, mchana, mbele ya kivuko kizima. Nikasema, "Mama Sifa, kutoka hapa sisogei. Heshima inanikataza." Papa Djuma, aliyekuwa amekunja mikono muda wote, akapasuka kucheka. "Basi mwizi atapigwa mbele ya karte kusikia!" Kivuko chote kikacheka, wanawake ndio waliocheka zaidi, na nikaona nyuso zao zikifunguka. Sumaku na nyaya za kuzungushwa hazikuwashawishi, mwanangu. Kilichowashawishi ni kwamba mwizi wa kadi hii lazima aguse kitenge cha mtu, na hapa Kindu tunajua mtu huyo hufanywa nini.

Mama Sifa hakucheka. Aliitoa kadi mwenyewe, akanyoosha mkono, akaisogeza mpaka mashine ikalia. Kisha akapanda mtumbwi akaenda Alunguli na kurudi, bila shughuli yoyote huko, akiwa ameiacha mikate kwenye mafuta. Ikaungua. Alipotua aliniambia maneno haya, nami nakuandikia kama alivyoyasema: "Siku ya Salumu ulisema mingi. Siku ya karte ulisema mingi tena. Leo umenyamaza, umeonyesha, nimeona." Akarudi kwenye sufuria yake. Nimelala na maneno hayo. Hayakuwa msamaha wala hayakuwa lawama, na nimeacha kuyageuza ili yawe kimoja kati ya hivyo viwili.

Asubuhi ya leo, ulipokuwa unafunga begi, Papa Djuma alifika hapa uani. Wenye mitumbwi wamekubali kuanza, mtumbwi mmoja kwanza, kisha mingine. Lakini wanamtaka mtu anayejua. "Muambie mutoto abaki," alisema. "Wewe ni baba yake, atakusikia."

Nikubali nisikubali, nilifurahi. Nilikuwa na sentensi tayari kabla hajamaliza chai. Ningekuambia kwenye chakula, kwa sauti ya upole, kwamba Kinshasa ni mbali, kwamba mji wako umekuomba radhi, kwamba mama yako halali. Ungebaki, najua. Nami ningekuwa nimesafishwa: kosa limefutika, binti yupo, kivuko kinafanya kazi, na kila mtu angesema Papa Mwayuma amerekebisha mambo yake. Nilipoona jinsi hesabu hiyo ilivyonikaa vizuri, nikaiogopa. Ningekuwa nimekuamulia mara ya pili, na safari hii kwa jina la toba.

Kwa hiyo sikuombi ubaki. Wala sikuombi uende. Nilifikiria hata kukuficha neno la Papa Djuma, usafiri kwa moyo mweupe, lakini huo nao ungekuwa uamuzi wangu. Neno ni lako. Nalileta kama nilivyolipokea: Papa Djuma na wenye mitumbwi wanakuomba ubaki uendeshe kazi ya kadi. Sijaongeza kitu.

Ukienda, kile kimashine niachie, nitasimama nacho kivukoni mpaka wapate mtu. Siku moja utasikia ukiwa Kinshasa kwamba Kindu watu wanavuka kwa kugusisha kadi. Watu watasifiwa ambao si wewe, na mahali pako patakuwa na mtu mwingine, nami ndiye niliyekutoa hapo. Hilo sitaweza kulirudisha hata nikisimama pale hadi nife. Usinihurumie kwa ajili yake. Ni langu.

Nasikia mtumbwi wa mwisho wa mchana unatua, basi unakaribia kupanda kuja nyumbani. Barua hii naiweka juu ya begi lako, siyo ndani, usije ukaikuta umeshafika. Isome leo. Ukimaliza, sema unachotaka, hata kama ni kile ambacho umekimeza miezi hii yote kwa adabu. Mama yako nimemwambia atuache mezani. Miwani nimekwisha kuisafisha.

Ni mimi baba yako, nakusikiliza.